Panda Yangu, Nipande Yako

Kila kijiwe cha bodaboda kina ubishi wake usiokwisha, na ubishi mkubwa kuliko wote ni wa pikipiki ipi bora. Boxer au TVS? Honda au SanLG? Ya 125 au ya 150? Kila mtu anaitetea yake kama anavyoitetea Simba au Yanga, na mara nyingi ile anayoiponda hajawahi kuiendesha hata mita mia.

Mjini Morogoro, madereva wawili waliamua kuumaliza ubishi wao kwa vitendo. Mmoja anabeba abiria mjini, kati ya Msamvu, Kihonda na Soko la Chifu Kingalu, kwa pikipiki ya 125. Mwenzake anapandisha watu na mizigo Mgeta, kupitia Sangasanga, Mzumbe na Mlali hadi Nyandira, kwa pikipiki ya 150. Jumamosi alfajiri walibadilishana funguo, kila mmoja akaenda kufanya kazi ya mwenzake, jioni wakarudishiana.

Jumapili mchana tukakaa kivulini nje ya gereji, nikawaomba waseme walichokiona. Fundi anayezihudumia pikipiki zote mbili alikuwepo. Alikuwepo pia mama mmoja mfanyabiashara wa mboga. Yeye alipanda ya 150 kwenda na kurudi Nyandira, kisha akapanda ya 125 kutoka Msamvu hadi sokoni, yote siku hiyo hiyo. Majina yao nayaacha. Nawaita kwa kazi zao.

Hoja ilikuwa moja: kubadilishana pikipiki kunamfundisha dereva, au kunamdanganya? Dereva wa Mjini alisimama upande wa kufundisha. Dereva wa Mlimani akapinga.

MWENDESHA MJADALA: Tuanze na mita mia za kwanza. Mwili ulikwambia nini?

DEREVA WA MJINI: Kwanza kiti. Cha kwangu kimeshabonyea ninapokaa, nakikalia kama kigoda cha nyumbani. Cha kaka ni kigumu na kiko juu, nikisimama nagusa chini kwa ncha za vidole. Halafu uzito. Nilipoishusha kwenye stendi nilihisi nimeshika ng'ombe dume kwa pembe. Lakini nilipoiwasha na kuachia klachi polepole, ikaondoka yenyewe. Ya kwangu lazima uivutie mafuta kwanza, ukisahau inazima. Nikasema moyoni, kumbe kaka yangu anafaidi hivi.

DEREVA WA MLIMANI: Udanganyifu unaanzia hapo hapo. Mimi kwa ile ya 125 niliona kinyume chake. Nyepesi, ukiangalia kona imeshakata. Nilipita kati ya daladala mbili pale Msamvu nikajiona kijana wa miaka ishirini. Hiyo ni raha ya ugeni tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pikipiki nayo, siku mbili za kwanza inakukirimu. Ikikupa jembe ndipo utaijua.

DEREVA WA MJINI: Lakini kaka, nikisubiri siku ya tatu nitakuwa nimeshaizoea, na nikishaizoea sioni tena. Macho ya mgeni yanaona ufa ambao mwenye nyumba anaupita kila siku.

MWENDESHA MJADALA: Nimesikia kulitokea jambo la gia.

DEREVA WA MJINI: Lilitokea, na nalisema wazi kwa sababu linaweza kuua mtu. Ya kwangu gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele, kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Ya kaka, ya kwanza unakanyaga mbele, zinazobaki unakanyaga nyuma kwa kisigino. Aliniambia asubuhi, nikaitikia. Kichwa kilielewa, mguu haukusikia. Tumeiacha Sangasanga, niko gia ya tatu, nataka ya nne, mguu ukakanyaga mbele kama ulivyozoea. Ikarudi ya pili. Injini ikapiga kelele, tairi la nyuma likakaza ghafla, likateleza kidogo upande. Na mama yuko mgongoni kwangu.

MAMA: Nilikukamata shati. Nilidhani tairi limepasuka.

DEREVA WA MLIMANI: Mnaona? Mimi sipingi mtu kujifunza. Napinga kujifunza ukiwa na roho ya mtu mgongoni. Mguu uliofundishwa miaka minne haufutiki kwa maneno ya dakika mbili.

DEREVA WA MJINI: Hapo sina la kujitetea. Ningezunguka kwanza uwanjani, peke yangu, nusu saa, mguu ungekubali. Mama, kwa hilo nisamehe.

MAMA: Yameisha, mwanangu. Lakini usirudie.

FUNDI: Niongeze neno. Ikiletwa hapa pikipiki iliyoanguka ikiwa mikononi mwa mtu aliyeazima, swali langu la kwanza huwa ni gia, la pili ni breki. Injini siulizi. Mtu haangushwi na nguvu za injini asiyoijua, anaangushwa na mguu na mkono wake mwenyewe.

MWENDESHA MJADALA: Twende mlimani.

DEREVA WA MJINI: Baada ya Mlali barabara inaanza kupanda, kona juu ya kona, upande mmoja jabali, upande mwingine bonde. Mama nyuma, matenga mawili matupu kwenye keria. Ile pikipiki ilipanda kwa gia ya pili na ya tatu bila kuhema. Ya kwangu naijua, sehemu zile ningekuwa gia ya kwanza, nimevuta mafuta hadi mwisho, inalia kama mtoto. Nilipofika Nyandira nilishatoa hukumu: ya 150 ni pikipiki, ya 125 ni baiskeli yenye injini.

FUNDI: Hukumu hiyo irudishe, dogo. Ulichokipanda ni vitu vitatu kwa pamoja, wewe umekipa jina moja. Cha kwanza ni injini, na ni kweli ile ni kubwa zaidi, ingawa nyingine zinazoitwa 150 ujazo wake haufiki 150, ni kama 145. Cha pili ni spoketi. Pikipiki ya kaka yako nilimwekea mwenyewe spoketi ya nyuma ya meno 45 badala ya 42. Mbele iko ya meno 14. Piga hesabu. Kwa 42, spoketi ya mbele inazunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Kwa 45, inazunguka mara 3 na zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano, yaani kama 3.2. Tairi linazunguka polepole zaidi lakini kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana iliondoka yenyewe ulipoachia klachi, na ndiyo maana mlima haukuisumbua.

DEREVA WA MJINI: Na cha tatu?

FUNDI: Hewa. Morogoro mjini tuko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyandira imepita 1,500. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Injini kubwa inapoteza pia, ila inabaki na akiba. Ndogo ikipoteza unaona mara moja.

DEREVA WA MLIMANI: Fundi, mfafanulie na alichokisema jioni kuhusu pikipiki yangu.

DEREVA WA MJINI: Nilisema imechoka. Kwenye lami ya barabara ya Iringa nilipotaka kukimbia kidogo ilikuwa inalia sana, nikahisi injini inataka kufunguliwa.

FUNDI: Ni spoketi ile ile. Inayokusaidia mlimani ndiyo inayoifanya injini izunguke kwa kasi kwenye tambarare. Huwezi kula vyote.

DEREVA WA MLIMANI: Basi hoja yangu imekamilika. Mwenzangu alidanganyika mara mbili kwa kitu kimoja. Mlimani aliisifu injini kwa kazi ya spoketi, kwenye lami akailaumu injini kwa kosa la spoketi. Na zaidi ya hapo, tulibadilishana pikipiki na njia kwa wakati mmoja. Mimi nilifurahia wepesi wa ile ya 125. Nitajuaje nilichokifurahia ni pikipiki au ni barabara isiyo na makorongo? Angefika kijiweni leo angeapa kwa jina la mama yake kwamba anazijua pikipiki za 150. Anaijua moja, kwa siku moja, yenye spoketi moja.

DEREVA WA MJINI: Yote hayo nayakubali, lakini tazama nimetoka na nini. Miaka minne nabeba abiria wa kuelekea Bigwa, kwenye miinuko ya chini ya milima. Miaka yote hiyo najua dawa ni moja tu, kutafuta tajiri mwingine anipe mkataba wa pikipiki kubwa, na hesabu ya kila siku ipande. Leo najua kuna dawa ya meno matatu ya spoketi. Nisingeipanda yako nisingeuliza, na nisingeuliza fundi asingeniambia. Nilikosea jibu, ndiyo. Lakini swali nililipata juu ya kiti chako.

MWENDESHA MJADALA: Kupanda kuna ugumu wake, kushuka je?

DEREVA WA MJINI: Kushuka ndiko kulikonitoa jasho. Mjini mteremko tunauteremka kwa frii, tunasema tunabana mafuta. Sasa matenga yamejaa karoti, mama yuko nyuma, nami nashikilia breki ya nyuma kona baada ya kona. Nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Kikanyagio cha breki kikawa kinazama, kila kona kinaenda chini kuliko kona iliyopita. Ndipo nikakumbuka neno la kaka: teremka kwa gia uliyopandia. Nikasimama, nikapumzisha breki, nikaanza upya kwa gia ya pili. Nikaachia mafuta. Nilihisi kama mtu mzima ameshika keria kwa nyuma ananizuia. Tangu hapo breki niligusa tu mdomoni mwa kona.

FUNDI: Hizi breki za nyuma ni za dramu. Viatu vya breki vinabana kwa ndani ya bakuli la chuma, joto halina pa kutokea. Zikipata moto sana zinapoteza mshiko, na dramu yenyewe inatanuka, ndiyo maana kikanyagio kinazama. Ukiwa kwenye gia, injini inashikilia tairi. Ukiweka frii umeifungulia mlango, uzito wote unaangukia breki. Na mafuta unayodhani unabana, injini inaendelea kuyanywa.

DEREVA WA MLIMANI: Sasa niseme nilichokikuta mimi kwenye hiyo ya 125. Nilipofika mzunguko wa Msamvu daladala likasimama ghafla mbele yangu. Nikabana breki zote mbili kama nilivyozoea. Mkono wa breki ya mbele ulikuja hadi ukagusa raba ya usukani, na pikipiki haikushtuka. Breki ya mbele haipo. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeacha nafasi.

DEREVA WA MJINI: Breki ya mbele siitumii. Aliyenifundisha aliniambia inapindua mtu.

FUNDI: Inampindua anayeikamata kwa hofu, au aliyeinama kwenye kona, au aliye kwenye mchanga na tope. Kwenye barabara kavu iliyonyooka, ukibana breki uzito mwingi unahamia mbele, tairi la mbele linakandamizwa ardhini, la nyuma linakuwa jepesi. Lililokandamizwa ndilo linaloweza kukusimamisha. Bana zote mbili, mbele kwa kuongeza kidogo kidogo, kama unavyokamua chungwa. Anayetumia ya nyuma peke yake amechagua kusimama mbali zaidi kila siku ya maisha yake.

DEREVA WA MLIMANI: Na usukani wake umepinda.

DEREVA WA MJINI: Hapana kaka, hilo nakataa. Pikipiki naendesha kila siku, ningeona.

DEREVA WA MLIMANI: Barabara ya Kihonda imenyooka kama rula. Ili niende moja kwa moja, mkono wangu wa kushoto ulikuwa mbele, wa kulia uko nyuma, bega la kulia limevutika. Dakika kumi nikaanza kusikia maumivu.

FUNDI: Asubuhi nimelibana tairi la mbele kwa magoti nikautazama usukani kwa juu. Umepinda, kama upana wa vidole viwili.

Hapo Dereva wa Mjini alikaa kimya. Akalishika bega lake la kulia akaanza kulikanda, na sidhani kama mwenyewe alijua anafanya hivyo. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa imeshuka.

DEREVA WA MJINI: Niseme ukweli. Nimekataa kwa aibu tu. Jana jioni nilipoipokea, nikaondoka nayo, sikufika mbali nikasimama kuangalia tairi la mbele. Nilidhani upepo umetoka. Ilikuwa inanivuta upande. Tairi lilikuwa zima. Masika ya mwaka juzi niliingia kwenye mtaro, nikainuka, nikafuta tope, nikaendelea na kazi. Tangu hapo bega linaniuma. Nimenunua dawa za kuchua sijui ngapi. Nilisema ni kazi, bodaboda ni kazi ya kuumiza mwili. Muda wote ule nimekaa upande juu ya pikipiki yangu na sijui.

DEREVA WA MLIMANI: Ndugu yangu, usione aibu. Nami nina la kukiri, ingawa linaiumiza hoja yangu. Nilipoipanda yangu jana jioni, nilitaka kuingia barabarani, nikatupa jicho kulia nitazame kioo. Hakuna kioo. Kilivunjika msimu uliopita, nikasema mlimani hakuna foleni, cha nini? Siku nzima kwenye 125 nimetazama vioo viwili, jicho likazoea. Nikajiuliza, mwaka mzima huu ninaingiaje barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, na mabasi yanayopita pale? Halafu nikasikia tak, tak, tak. Cheni yangu inapiga kava. Imelegea, na nimekuwa nikiisikia kila siku bila kuisikia.

FUNDI: Ilikuwa inacheza zaidi ya sentimita 5. Cheni ya pikipiki hizi ukiisukuma kwa kidole katikati, icheze kama sentimita 2 hadi 3. Ikilegea kiasi kile inaweza kuruka spoketi, na ikiruka kwenye mteremko ule hakuna gia ya kukushikilia tena.

MWENDESHA MJADALA: Kabla hatujafunga, kuna jambo la mali na sheria.

DEREVA WA MLIMANI: Hilo ndilo la mwisho kwangu. Yangu nimemaliza kuilipa, kadi ina jina langu. Ya mwenzangu iko kwenye mkataba, ni ya tajiri mpaka siku atakapopeleka hesabu ya mwisho. Mimi nikiiangusha Msamvu, nani anamjibu tajiri? Trafiki akinisimamisha nina leseni ya daraja A, sawa, lakini kadi na bima ni za watu wengine, na masharti ya ile bima sijawahi kuyasoma. Tulibadilishana kama watoto wanaobadilishana manati. Kwa hilo tulikosea wote wawili.

DEREVA WA MJINI: Nakubali. Ilitakiwa nimpigie tajiri simu kwanza. Nitampigia leo, nimwambie na la usukani.

MWENDESHA MJADALA: Mama, wewe umewasikia. Unasemaje?

MAMA: Mimi hizo 125 na 150 sizijui. Najua kiuno changu na magoti yangu. Kwenda Nyandira pikipiki ilikuwa inanirusha kila shimo, kurudi na karoti ikawa laini. Kwa nini, fundi?

FUNDI: Shokapu za nyuma zina ngazi za kukaza na kulegeza. Mwenye pikipiki amezikaza kwa ajili ya mzigo. Mzigo usipokuwepo zinampiga abiria. Na upepo wa tairi nao anajaza wa mzigo. Kwa pikipiki nyingi za aina hii mbele ni PSI 25, nyuma ni 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Yeye nyuma alikuwa na zaidi ya 40.

MAMA: Basi sikilizeni. Kwenye ile ndogo ya mjini mwanangu huyu wa mlimani aliendesha taratibu, matuta aliyapanda kwa heshima. Lakini pa kuweka mguu wangu wa kushoto raba imeng'oka, ni chuma kitupu, kiatu kinateleza. Nilikaa nimekunja vidole vya mguu mpaka sokoni. Helmeti niliyopewa kamba yake imekatika, niliishika kwa mkono. Nawauliza nyote wawili: tangu mzipate hizi pikipiki, kuna aliyewahi kukaa nyuma ya yake mwenyewe, mwenzake akaendesha?

Hakuna aliyejibu.

MAMA: Mmebadilishana pikipiki, vizuri. Sasa badilishaneni viti. Mwenye pikipiki akae nyuma, avae helmeti anayompa abiria, aweke mguu pale anaposema niweke mguu, apelekwe Nyandira na kurudi. Akirudi hamtahitaji mjadala.

Huo ndio ulikuwa mjadala wetu, na sasa natoa uamuzi wangu kama nilivyouona.

Dereva wa Mlimani ameshinda kuhusu pikipiki ya mwenzako. Siku moja juu ya pikipiki usiyoijua haikupi haki ya kuisifu wala kuiponda. Unachokihisi ni mchanganyiko wa injini, spoketi, upepo wa tairi, shokapu, barabara na ugeni wako mwenyewe, na bila fundi huwezi kuvitenganisha. Wanaorudi kijiweni na hukumu baada ya kuzunguka mtaa mmoja wanawapotosha wenzao, na kuna kijana atakayechukua mkopo wa mamilioni kwa kuamini hukumu ile.

Dereva wa Mjini ameshinda kuhusu pikipiki yako. Hakuna chombo cha gereji kilichomwonyesha usukani uliopinda kwa miaka miwili. Hakuna askari aliyemkumbusha mwenzake kioo. Kilichowaonyesha ni zile dakika tano za kwanza walipoirudia kila mmoja ya kwake, mwili ukiwa bado unakumbuka ya mwenzake. Dakika hizo ni fupi mno. Usiku ukipita, asubuhi mazoea yameshafunika kila kitu, bega linarudi kwenye uchungu wake na cheni inarudi kwenye wimbo wake. Nyani haoni kundule, na dereva haoni breki yake mpaka aonje ya mwingine.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeshika usukani kila siku, nakusihi. Tafuta mwenzako unayemwamini, mbadilishane pikipiki. Kama iko kwenye mkataba, mwombe tajiri ruhusa. Fanyeni hivyo kwenye uwanja mtupu au barabara tulivu, bila abiria, bila mzigo, helmeti ikiwa imefungwa kidevuni. Kabla hujampa funguo mwambie mambo manne kwa sauti: gia zinaingiaje, breki ya mbele inashika wapi, ya nyuma inashika wapi, na kasoro unayoijua wewe mwenyewe. Mwache azizoee akiwa taratibu. Ukirudishiwa ya kwako, usikimbilie abiria. Izungushe dakika tano, kisha simama, andika kwenye simu yako kila kitu ulichokihisi kigeni, hata kama ni kidogo, na orodha hiyo ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Mwisho fuata neno la mama: kaa nyuma.

Jumatatu asubuhi niliwapitia tena. Usukani wa ile ya 125 ulikuwa umenyooshwa, waya wa breki ya mbele umekazwa na raba mpya imevishwa pale abiria anapoweka mguu wa kushoto. Ile ya 150 ilikuwa na kioo cha kulia.